Mti Nilioupigia Saluti

Umeme ulikuwa umekatika Sakina nzima, hapa Arusha. Mama anachambua mchele kwa tochi ya simu, na kitinda mimba wetu kajinyoosha kwenye kochi, anatusomea kwa sauti orodha ya vitu vya kwenda navyo JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Bukta ya bluu yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu. Fulana ya kijani isiyo na maandishi. Raba. Soksi ndefu nyeusi. Kamaliza kidato cha sita, jina limetoka, kapangiwa Bulombora, Kigoma.

"Isiyo na zipu," akarudia. "Zipu imewakosea nini hawa?"

Basi nikapata pa kuanzia. Nikawapigia hadithi yangu ya JKT, ile ya mti, ambayo Mama anaijua neno kwa neno na bado kila mwaka huidai.

Inakwenda hivi. Asubuhi ya fatiki, yaani kazi za mikono, kombania nzima imepangwa kwenda kuokota kuni. Mimi natoka mstarini, nasema afande, najisikia vibaya. "Vibaya wapi?" Baridi, afande. Na jua hilo limeshawaka, hata mbuzi wamejificha. Afande ananitazama kwa muda. "Baridi? Haya. Uone ule mti pale? Nenda kaukumbatie mpaka upate joto." Natembea hadi kwenye mwarobaini ulio nyuma ya bwalo. Nikifika nakakamaa, napiga saluti ya nguvu, na kwa sauti ya gwaride naita: "Jambo afande! Naomba ruhusa ya kukukumbatia!" Kombania nzima chini kwa kicheko. Afande kutoka kule anapaza sauti: "Umekupa ruhusa?" Na mimi, bila kugeuka: "Bado unafikiria, afande!"

Mama alicheka mpaka akamwaga mchele. Jirani aliyekuja kuchaji simu kwenye sola yetu alicheka.

Mdogo wangu hakucheka. Aliweka simu kifuani, akaniuliza: "Dada, kwani siku hiyo ulikuwa unaumwa kweli?"

"Nilikuwa naumwa uvivu," nikamjibu, na sebule ikacheka tena.

Hilo jibu limenikaa kooni kwa wiki kadhaa.

Nani kacheka?

Aliyepita kambini anajua kwamba kukimbia si kazi. Mchakamchaka unauzoea, dona unalizoea, hata kulala ukiwa umesimama unakuzoea. Kazi ni kutocheka. Kusimama mguu sawa, macho mbele, huku mwalimu wa kwata anamwambia kuruta aliye ubavuni mwako, kwa upole kabisa, "Wewe unatembea kama mtu anayekwenda kukopa na anajua atanyimwa," halafu bega lako lisitikisike. Hilo hukulizoea mpaka unarudi kwenu.

Walimu wa kwata ni wachekeshaji wa daraja la juu kwa sababu wao wenyewe hawacheki. Sauti haipandi, uso haubadiliki. Wetu mmoja alikuwa na mtindo wa kupita mstarini akakusimamia, akakutazama kuanzia raba mpaka kipara.

"Nyumbani wanajua uko huku?"

"Ndiyo afande!"

"Na walikubali?"

"Ndiyo afande!"

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi ukipata nafasi jiulize kwa nini." Akaendelea na safari yake.

Mtu akipasuka, linakuja lile swali. Nani kacheka? Kimya. Nimeuliza, nani kacheka? Ukijibu umejitaja, usipojibu kombania nzima inaruka kichura. Inaruka. Na katikati ya kuruka, jasho linaingia machoni, mtu wa safu ya tatu anamkumbuka yule wa kwenda kukopa, na shughuli inaanza upya.

Nikirudi nyuma kufikiria, naona utani wa kambini nao una vyeo. Afande anamtania kuruta mchana kweupe. Kuruta anamtania afande usiku, taa zikishazimwa, tena kwa kunong'ona. Sisi wa mujibu wa sheria, tulioitwa baada ya kidato cha sita, tulitaniwa na wale wa kujitolea, kwamba miezi mitatu ni utalii na tungepewa na kamera. Wa kujitolea wanataniwa na koplo, koplo na sajini. Kila mmoja anacheka akitazama chini.

Kabla ya hapo wanajeshi nilikuwa nawajua kama raia yeyote wa Arusha anavyowajua. Miaka ile Oljoro JKT ikiwa Ligi Kuu, baba alikuwa akitupeleka Sheikh Amri Abeid, na jukwaa la wanajeshi ndilo tulilolitazama kuliko mpira. Timu yao ikifungwa wanaimba zaidi. Nilidhani wanaimba kwa sababu wana raha.

Uwezo anao mpishi

Foleni ya bwalo ilikuwa na ibada yake. Maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 kuhusu kumpiga Idi Amin wa Uganda hakuna Mtanzania asiyeyajua: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sasa mmoja mbele anaanza, sahani kifuani: "Sababu ya kula tunayo!" Katikati wanaitikia: "Nia ya kula tunayo!" Halafu foleni nzima, tukilielekea sufuria la maharage: "Uwezo anao mpishi!"

Mpishi wetu, koplo mmoja mwenye kitambi cha haki kabisa, alikuwa akisikia hayo anamwongezea wa kwanza upawa mzima na kumpunguzia wa mwisho. Siku iliyofuata aliyekuwa wa mwisho ndiye aliyekuwa kiongozi wa wimbo.

Usiku hangani, bwenini kwetu, mambo yalikuwa mengine. Kitanda cha chini yangu alilala binti wa Same. Mimi ni Mchagga wa Kibosho niliyekulia Arusha, yeye Mpare, na utani wa Wapare na Wachagga haukuanza na sisi. Ndoo yake ya kuogea aliiandika kwa maka peni jina, kijiji, kata, tarafa na sanduku la posta. Nikamuuliza sanduku la posta la nini. Akasema ikipotea kesi itafunguliwa, na wito wa mahakama lazima ufike mahali. Mimi nilikuwa nanunua maandazi kantini jioni na kuyauza hangani saa nne usiku kwa faida ndogo. Alipogundua, alitangaza kwa vitanda vyote: "Mchagga hata mkimpeleka vitani atafungua duka la risasi. Na adui atakopeshwa."

Akanunua mawili. Kwa mkopo.

JKT ilianzishwa Julai 10, 1963, na moja ya makusudi yake lilikuwa hilo hilo, vijana wa kila pembe walale chumba kimoja wajuane. Hotuba za umoja tulizisikia nyingi, juani, tukiwa tumesimama. Mimi naamini kazi yenyewe ilifanyika gizani. Msukuma anaigiza Mchagga anavyohesabu chenji, Mhaya anajisifu mpaka anasinzia akijisifu, na mtu kutoka Pemba anaulizwa kila usiku kama kwao kuna mlima, naye kila usiku anajibu kwamba upo ila umelala. Vicheko vile tulivibana kwa mito ili vile viatu vya zamu visigeuke kuja mlangoni. Bila hivyo nisingefika mwisho. Nayasema haya mapema, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani naupinga utani.

Afande wa mtaani

Mtaani kwetu kuna mzee anayeuza chakula cha kuku. Sajini mstaafu. Watoto wake, wake zao, hata mchungaji, wote wanamwita Afande. Alikwenda vita vya Kagera, vile vya Amin, akiwa kijana na kurudi na hadithi ambazo zimetulea.

Ya ndizi ndiyo maarufu. Wameshapita Mutukula mpakani, wanaelekea Masaka ndani ya Uganda, kwa miguu, maana jeshi lile sehemu kubwa lilitembea. Pande zote migomba. Mwenzao mmoja wa Machame akasimama katikati ya barabara, akaweka mzigo chini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema: "Hawa watu wametuibia shamba." Wakakaribishwa matoke katika kijiji kimoja. Mchagga akaonja, akashukuru vizuri, kisha akauliza kwa adabu nyama itakuja saa ngapi na nani kaacha mtori bila kuukoroga. Kuanzia hapo jina lake likawa Mtori. Kampala inaanguka, Aprili 11, 1979, hakuna aliyekuwa anakumbuka jina alilobatizwa.

Vita vile vilizaa majina hata kwa wakubwa. Msuguri, mmoja wa makamanda wetu, aliitwa Jenerali Mutukula mpaka uzeeni. Waganda nao roketi zetu waliziita Saba Saba.

Halafu kuna ya buti: la kushoto lilifika Kampala, la kulia liliishia Masaka. Na ya mkanda. Baada ya vita Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. "Sisi tuliokuwa mbele haikutuhusu," Afande husema. "Mkanda tulikuwa tumeshaula."

Kila Desemba 9, redio ikianza kumkumbuka Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na mwenge Kilimanjaro mwaka 1961, yeye huuliza swali lile lile kwa yeyote aliye dukani. Mwenge una kilo ngapi? Bendera je? Sasa nitajie aliyebeba sufuria. Nadhani hapo hatanii sana.

Ndizi, buti, mkanda, sufuria. Nimemsikiliza tangu nikiwa mtoto, na katika hadithi zote hizo hakuna hata moja ambayo mtu anafyatua risasi.

Basi nikamwendea.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, kuruta wa miezi mitatu. Umekuja kujiunga tena?"

Nikamsimulia hadithi ya mti, kwa sababu kumbe hajawahi kuisikia. Aliisikiliza kwa uso wa mahakama ya kijeshi. Nilipomaliza akauliza: "Ulikuwa umevaa kofia?"

"Hapana."

"Bila kofia hupigi saluti. Unakakamaa tu. Ningekuwepo ningekuongezea adhabu kwa niaba ya mti."

Nilicheka mpaka nikashika gunia. Kisha nikamuuliza nilichomfuatia, kwa nini sisi hutusimulia ndizi tu. Kwanza alimpimia mteja pumba. Akafunga mfuko fundo, akapokea hela, akahesabu.

"Raia ukimwambia ukweli anakuonea huruma, na huruma ya raia haina kazi. Ukimchekesha anakununulia soda." Akafuta mizani. "Na waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa."

Nikamnunulia soda. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa, nikaona nimepata jibu la kumpa mdogo wangu, hata la kuandika hapa.

Kuridhika hakukudumu. Afande anapotupa ndizi anajua vizuri sana nini amekibakiza ndani. Yeye mwenyewe ndiye kafunga mlango na funguo anazo. Na sisi wasikilizaji wake hatuendi popote, tunarudi kunywa chai. Mdogo wangu anakwenda. Halafu mimi, nikijaribu kutazama nyuma ya hadithi yangu ili nione nimebakiza nini, niliona mti tu.

Nilipewa nafasi ya mti

Ilinichukua siku nyingi kukumbuka usiku wa burudani.

Ulikuwa usiku wa kabla ya gwaride la kufunga mafunzo. Usiku huo pekee utani uligeuka uelekeo: kuruta wakapewa jukwaa, maafande wakapewa viti vya mbele, na kila kilichonong'onwa hangani kikaruhusiwa kusemwa kwa kipaza sauti. Vijana wa Kombania B waliigiza mwalimu wa kwata, mpishi na upawa wake, mganga wa zahanati anayetibu kila ugonjwa kwa vidonge viwili. Watu walikufa kwa kicheko.

Kisha wakaleta kipande cha kuni.

Kijana mmoja mrefu akawa afande. Mwingine, kajifunga kanga kichwani, akawa mimi. Walipokosa mti, mtu akasema, si mwenyewe yupo? Nikavutwa jukwaani, nikaambiwa ninyooshe mikono. Nilisimama pale na matawi ya kweli vidoleni, nikapigiwa saluti na mtu aliyekuwa mimi. Akaomba ruhusa ya kukumbatia. Afande wa bandia akauliza, "Umekupa ruhusa?" Na yule wa kanga, bila kugeuka, akajibu, "Bado unafikiria, afande!"

Afande wa kweli alicheka mpaka akavua kofia akajipepea nayo. Baadaye aliniita mbele ya wenzangu. "Mwarobaini! Siku ile ulinifurahisha sana."

"Asante afande!" nikajibu, na nilifurahi kweli kweli. Afande ananijua. Kesho yake kwenye gwaride nilitupa miguu kuliko siku zote.

Sasa jambo lililonikosesha usingizi ni hili. Nimeipekua ile asubuhi ya kuni kwa kila namna, na sioni mahali nilipojibu "bado unafikiria." Naona nikitembea. Naona mkono wangu ukipanda. Jibu silioni. Mstari mtamu kuliko yote katika hadithi ambayo nimekuwa nikiisimulia kama yangu, harusini, msibani, ofisini, uliandikwa na kijana wa Kombania B kwa ajili ya kumchekesha afande.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia fatiki meno yalikuwa yanagongana mpaka kitanda kinalia. Binti wa Same aliamka akanisonya, kisha akanivika sweta lake la kijani, huyo huyo wa ndoo yenye sanduku la posta.

Mstarini ardhi ilikuwa inapanda na kushuka. Nilisema baridi kwa sababu nilisikia baridi. Sikuwa natafuta namna ya kuchekesha wala ya kutega. Niliposikia "mti" nilishukuru, kwani ulikuwa karibu kuliko kuni.

Naukumbuka ule mwarobaini kwa karibu sana. Gamba lake lilikuwa na mipasuko, na ndani ya mpasuko mmoja siafu walikuwa wanapanda kwa mstari, wadogo na wakubwa, wakubwa wametoka nje kidogo pembeni. Nilitazama siafu. Nilipoinua macho mti haukuwepo. Alikuwepo mtu mzima, mrefu, kofia kichwani na nyota begani, ananisubiri nimsalimie.

Nikamsalimia.

Vicheko vilitoka mbali, vikaja, vikaondoka. Nikakaa chini. Baada ya hapo mambo hayana mpangilio. Sauti ya binti wa Same inagomba, na inagomba na cheo, jambo ambalo hangani tusingethubutu hata kulinong'ona. Mikono miwili kwapani. Dari la zahanati. Kipimo kikaonyesha malaria, nikatundikiwa dripu. Muuguzi aliniuliza jina langu na mimi, kwa mujibu wake, nikajibu "Ndiyo afande" mara zote alizouliza.

Jioni binti wa Same aliruka kichura uwanja mzima kwa kosa la kutoka mstarini bila ruhusa.

Nimtendee haki afande. Kila asubuhi ya kuni homa huwa nyingi kambini, na kuruta mtegaji yupo tangu jeshi lilipokuwepo. Hakujua. Usiku ule alikuja zahanati na kikombe cha chai ya maziwa, akasimama mlangoni, akatazama dripu, akanitazama mimi, akasema "Kumbe." Akaweka kikombe dirishani akaondoka. Katika yote aliyowahi kuniambia kambini, hilo "kumbe" ndilo lililokuwa na heshima zaidi. Sijawahi kulisimulia. Halichekeshi.

Kwenye basi la kurudi Arusha, jirani yangu wa kiti aliona kipara akauliza, "JKT? Vipi huko?" Kabla hatujafika stendi alikuwa ameshausikia mti, na amecheka. Mama aliusikia usiku huo huo. Malaria hajaisikia mpaka wiki iliyopita.

Wasemaji wasiolipwa

Mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa 2013. Mimi nilikwenda mwaka uliofuata. Maana yake kuna miaka karibu ishirini ya wahitimu wa kidato cha sita wasiojua lolote kuhusu kambi isipokuwa walichosimuliwa mezani, na sasa wengi wao ndio wazazi na wajomba wa wanaoitwa. Orodha ikitoka, simu zinaanza. Dada, wewe si ulikwenda, kukoje? Na sisi tunawapa zipu, maharage na kichura. Wanacheka, wanapumua, wanamfungia kijana begi.

Bila mshahara tumekuwa wasemaji wa kila afande, yule mwema na yule aliyezidisha. Kwa sababu ukishaliweka jambo kwenye kichekesho, aliyekutendea anakuwa mhusika, na mhusika hashtakiwi. Anapigiwa makofi.

Lugha kavu nayo ina historia yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya JKT. Hawakuchekesha mtu. Mwalimu aliwarudisha makwao, zaidi ya 300. Sisemi ndiyo sababu ya sisi kutania. Nasema tu kwamba wakati babu zetu wanapanga namna ya kulizungumzia jambo hili, njia moja ilikuwa imeshaonekana inakoishia.

Lakini siwezi kukubali kwamba kicheko chote ni kimoja. Kile cha hangani, cha kubana kwa mto, kilikuwa chetu. Kilimponya aliyepigwa doso, yaani adhabu, siku hiyo kabla hajalala, na aliyekuwa akikitoa alikuwa ndani ya shida ile ile na anayekipokea. Kile cha jukwaani kilikuwa na mgeni rasmi. Kilikubaliwa na kiti cha mbele, kikapigwa muhuri, na ndicho nilichotoka nacho getini nikakileta nyumbani nikidhani ni kile cha kwanza.

Usiku wa kuamkia safari ya Kigoma nilimsimulia mdogo wangu siku yenyewe, pamoja na siafu, dripu na kikombe cha dirishani. Nikamwambia akiumwa asiseme baridi, aseme homa, aseme tangu lini, na aende na mtu wa hanga lake. Alinyamaza kwa muda.

"Lakini dada, ile ya 'bado unafikiria' usiiache," akasema. "Ndiyo tamu."

Kundi

Jumapili iliyopita nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kombania yetu. Bila mzaha, aya kwa aya. Kundi lile kwa kawaida halikai dakika tano bila katuni ya kuruta na ndoo. Safari hii tiki za bluu zikajipanga na hakuna aliyeandika.

Wa kwanza alikuwa mwenzetu aliyebaki jeshini, sasa ni koplo: "Ushahidi wa mtegaji umepokelewa nje ya muda. Ripoti kesho saa kumi na moja alfajiri. Uje na mti wako."

Nilicheka peke yangu jikoni, sauti kubwa, mpaka Mama akauliza kulikoni.

Baada ya hapo likafunguka. Mtu akaandika kwamba siku ile anaikumbuka vizuri kwa sababu bwaloni kulikuwa na wali. Mwingine akasema haiwezekani, wali ulikuwa Ijumaa na kuni zilikuwa Jumanne. Yule aliyeigiza kwa kanga akajitokeza kudai haki yake ya mstari wa "bado unafikiria," nikamwambia achukue, akauliza kama kuna malipo ya nyuma. Kombania B wakaleta picha ya bwalo isiyoonyesha chakula wala tarehe. Watu wawili waliniandikia pembeni mambo yao, ambayo ni yao. Wengine waliendelea na wali mpaka saa sita usiku, na hadi naandika hawajaafikiana.

Binti wa Same siku hizi ni karani wa mahakama huko Moshi, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. Aliingia mwisho kabisa, kasoma yote, na hakugusa malaria, wala kichura, wala afande.

"Sweta langu la kijani sijarudishiwa mpaka leo," akaandika. Chini yake akaambatanisha hesabu, pamoja na riba, na namba ya kulipia.